Chaza wa Kumamoto

Chaza wa Kumamoto ni mdogo, mwenye gamba lenye kina kama kikombe. Utamu wake huizidi chumvi, na walaji wengi huufananisha na wa tikiti. Asili yake ni Kyushu, Japani. Alipelekwa Marekani miaka ya 1940.

Hukua polepole mno, jambo linalompandisha bei. Katika Humboldt Bay, California, hulelewa majini miaka kadhaa hadi afikie takriban sentimita 5. Maji hayo ni baridi, hivyo hazaani huko. Mbegu hutoka vituo vya kutotolea. Hapo ndipo hatari ilipoingia. Uchunguzi wa jeni wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa baadhi ya mbegu zilichanganyika na chaza wa Pasifiki, akuaye upesi. Anayetaka mbegu halisi sharti apime wazazi kwanza.