Kuwekwa Ndani na Kuachwa Ndani

Katika mila za watu wa pwani, kuwekwa ndani ni jambo la heshima. Mwari huwekwa ndani, na somo wake hukaa naye akimfunza. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji moto na kupikiwa uji wa pilipili manga, wala haipiti siku akakosa mtu ubavuni pake. Mjane akaaye eda hatoki, lakini wanawake wenziwe huingia kumliwaza. Twayataja haya kwa kuwa mwaka 2020 dunia nzima ilijifunza neno karantini, ambalo asili yake ni siku arobaini walizokuwa wakingojeshwa mabaharia huko Venice kwa hofu ya tauni. Hesabu ni ile ile ya mzazi wetu, bali maana ziko mbalimbali.

Tutazame Ufaransa. Tarehe 11 Machi 2020 serikali ya nchi hiyo ilikataza jamaa kuwazuru wazee katika makazi yao, na tarehe 17 nchi yote ikafungwa. Sababu ilikuwa na uzito. UVIKO-19 uliwaua wazee kuliko vijana, na mtu huweza kuambukiza kabla hajaona dalili yoyote mwilini. Mfanyakazi mmoja aliyetoka kwake mzima wa afya aliweza kuuingiza ugonjwa katika nyumba ya watu mia. Mwishoni mwa mwezi huo makazi yalishauriwa kumweka kila mzee chumbani mwake peke yake. Hata hivyo, hadi mwisho wa Mei wazee zaidi ya 10,000 walikuwa wamefia katika makazi hayo, na wengi wao hawakupata mtoto wa kuwashika mkono.

Nyumba moja ilishika njia nyingine. Yaitwa Vilanova, nayo iko Corbas, mji mdogo jirani na Lyon. Humo walikuwa wakiishi wazee 106. Hapo mwanzo walifungiwa vyumbani kwa siku mbili tu, ili nyumba isafishwe. Katika siku mbili hizo baadhi yao walianza kukataa chakula, na wengine hawakutaka kuinuka kitandani. Ugonjwa ulikuwa haujafika. Uliofika ni upweke. Basi watunzaji wakakata shauri kwamba badala ya kumfungia mzee, watajifungia wao pamoja naye. Kati ya wafanyakazi 50, 29 walijitolea. Tarehe 18 Machi mlango ukafungwa. Watunzaji wakalala sakafuni juu ya magodoro, na wazee wakaachwa huru kutembea humo ndani, kuzungumza na kupunga upepo. Waliobaki nje hatuwalaumu, kwani mwenye mtoto anyonyaye hawezi kuhamia kazini. Wala hatusemi kwamba kila nyumba ingeliweza.

Wako kwetu wasemao kwamba nyumba za wazee ni aibu ya Wazungu, sisi hayatuhusu. Hatukubaliani nao. Zanzibar ina makazi ya wazee ya Sebuleni na Welezo, na wanaotumika humo ni watu wa kushukuriwa. Tena tumeona mzee akiwa mpweke katika nyumba ya mwanawe mwenyewe: sahani yawekwa kizingitini, kila mtu aenda zake, na redio ndiyo imsemeshayo mpaka jioni. Mzee huyo hakufungiwa na serikali wala na maradhi. Na yule wa Corbas, aliyezungukwa na watu wasio wa damu yake, alikuwa na mtu wa kumwuliza kama amelala vema.

Siku zilitimia 47, ikapita ile arobaini ya mabaharia. Watunzaji kama 12 walikuwa hawajatoka hata mara moja. Wote waliokuwamo walipimwa, wazee na watunzaji, na hakuonekana mwenye ugonjwa. Asubuhi ya tarehe 4 Mei watunzaji walikumbatiana, wakaimba, wakaingia katika magari yao na kuondoka kwa msafara, wakipiga honi barabara nzima.