Nani Hakufika Kazini Leo? Funzo Kutoka Migodi ya Kilo-Moto

Wale kati yetu waliosoma usimamizi wa kazi wanalijua swali hili, maana linarudi mara kwa mara kwenye mitihani: kompani ifanye nini ili wafanyakazi wafike kila siku? Majibu tunayashika kichwani: daftari la mahudhurio, kukatwa mshahara, barua ya onyo, na siku hizi mashine ya kuweka kidole. Lakini hapa kwetu Ituri swali hili si geni. Liliulizwa kwenye migodi ya Kilo na Moto zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jibu la kwanza liliwaumiza sana babu zetu. Tuliangalie pole pole, juu kesho ni sisi tutakaokaa kwenye biro na kushika hilo daftari.

Dhahabu ilionekana upande wa Kilo mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza 1905. Mwaka 1919 serikali ya koloni iliiweka migodi chini ya shirika lake, na mwaka 1926 ikazaliwa kompani iliyojulikana kama SOKIMO, serikali ikiwa na hisa nyingi. Kazi ilihitaji watu maelfu. Lakini watu hawakuwa wamekaa bure wakingoja kuitwa. Mwenye ng'ombe alikuwa na ng'ombe zake, mkulima na shamba lake, na kule chini Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, mvuvi na nyavu zake. Nani angeacha hayo yote kwa hiari aende kuchimba dhahabu ya mtu mwingine?

Basi ikatumika nguvu. Kwanza kodi ya kichwa, ambayo ilimlazimisha mwanaume kutafuta franga. Pili machifu, waliodaiwa kutoa watu. Tatu sheria: dekreti ya mwaka 1922 juu ya kontra za kazi ilifanya kuvunja kontra kuwa kosa la jinai. Yaani mtu aliyeacha kazi kabla ya muda wake hakukosa mshahara tu, aliweza kufungwa gereza. Na nyuma ya hayo yote ilikuwepo fimbo ya kiboko, ambayo Wabelgiji waliiondoa kabisa mwaka 1959 tu, mwaka mmoja kabla ya uhuru.

Je, watu walifika kazini? Walifika kwa kusukumwa, na wengi walitoroka walipopata nafasi. Kwa wakubwa maelezo yalikuwa rahisi: Mwafrika ni mvivu, hajazoea saa, hapendi kazi ya kila siku. Hebu tuliweke neno hilo la uvivu pembeni kidogo, tuangalie hesabu ya chakula.

Mgodi unakusanya maelfu ya wanaume mahali pamoja. Wote wanakula, hakuna anayelima. Chakula kitoke wapi? Vijiji vya jirani. Nani analima huko, kama wanaume wenye nguvu wamechukuliwa? Na kabla ya barabara za magari, nani anakibeba mpaka mgodini? Wanaume wengine, kichwani. Kwa hiyo kila mtu aliyeongezwa shimoni alipunguza chakula shambani, na chakula kikipungua, ugonjwa unaongezeka, na mgonjwa hafiki kazini. Kompani ikiona nafasi tupu, inadai watu wengine tena. Ni duara. Fimbo haiwezi kulivunja duara kama hilo, inalizungusha haraka zaidi. Hata serikali yenyewe iliogopa: katikati ya miaka ya 1920 tume iliyochunguza mambo ya wafanyakazi wa Kongo ilishauri kuwe na kikomo cha idadi ya wanaume wanaoondolewa vijijini.

Hapo ndipo Kasenyi inaingia katika historia ya dhahabu. Barabara za magari zilipofunguliwa, Kasenyi ikawa bandari inayotazamana na Butiaba ya Uganda, na samaki wa ziwa, wa kukaushwa na wa chumvi, wakaanza kupandishwa mlima kwenda kulisha migodi. Tukisimulia habari za Kilo-Moto huwa tunataja wahandisi na madirekta. Tumtaje pia mvuvi. Posho ikiwa na samaki, mchimbaji anapata nguvu ya kuamka asubuhi. Lori lilipochukua nafasi ya kichwa cha mpagazi, mikono mingine ilibaki shambani.

Tuone sasa Katanga, ambako Union Minière ilikuwa na shida hiyo hiyo. Mwanzoni ilichukua watu kutoka mbali, bila wake zao, kwa kontra fupi. Walikufa wengi, walitoroka wengi, na kila mara kompani ililipa gharama ya kutafuta wapya na kuwafundisha upya. Mnamo 1927 na 1928 ikageuza siasa yake: kontra ya miaka mitatu, mke na watoto wakaribishwe, nyumba, lopitali, masomo. Si kwa huruma. Walipiga hesabu wakaona kwamba mfanyakazi anayebaki ni rahisi kuliko mfanyakazi anayekamatwa.

Na tusifikiri ni mambo ya Afrika tu. Kule Marekani, kiwanda cha magari cha Henry Ford mwaka 1913 kilipoteza na kubadilisha wafanyakazi kwa kiwango cha asilimia 370. Yaani ili nafasi moja isikae wazi, kwa wastani watu zaidi ya watatu walipita ndani yake kwa mwaka. Januari 1914 Ford akatangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, na saa za kazi zikashuka mpaka 8. Mwaka huo kiwango kikashuka mpaka asilimia 54. Je, Wamarekani wale walikuwa wavivu mwaka 1913 wakapona uvivu mwaka 1914? Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kazi.

Lakini tusidanganyike. Nyumba na posho vilikuja na jicho. Ford alituma wakaguzi mpaka nyumbani kwa wafanyakazi kuona wanavyoishi. Katanga, kambi ya kompani iliamua mtu ale nini na nani alale kwake. Na mwezi wa Desemba 1941, bei zikiwa zimepanda juu ya vita, ni wafanyakazi wa namna hiyo hiyo, wenye nyumba na familia, waliogoma Lubumbashi (ile iliitwa Elisabethville) kudai mshahara. Askari walipiga risasi, watu makumi wakafa. Kumbe mtu anaweza kufika kila siku, daftari likajaa alama, na bado moyoni ana deni na kompani. Mahudhurio mazuri hayaonyeshi kwamba haki imetendeka.

Basi sisi tuliosoma tunabaki na nini? Mimi naona jambo moja: kutokuwepo kwa mtu ni habari, tuisome kabla ya kuiadhibu. Hapa Ituri mtu anakosa kazi juu barabara imefungwa na vita, juu mtoto ana malaria, juu kuna matanga, juu mshahara wa mwezi uliopita haujatoka na hana franga ya motari. Kila sababu ina dawa yake, na barua ya onyo haiponyi hata moja kati ya hizo. Wavivu wapo, ndiyo, kama walivyopo kwenye biro za madirekta. Lakini ukiona watu 30 kati ya 100 hawafiki, usianze kuchunguza tabia za watu 30. Chunguza kazi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku utakapopewa daftari, chora safu moja zaidi. Pembeni ya safu ya "hayupo", weka safu ya "sababu", na uijaze kwa kumuuliza mwenyewe, si kwa kumuuliza kapita. Baada ya miezi mitatu isome safu hiyo yote kwa pamoja, uipeleke kwa mkubwa wako kabla hajakuomba majina ya watu wa kufukuza.