Picha za Ukoo na Makao ya Bure

Zamani za masultani, mtu wa Unguja aliyetaka sura yake ibaki kwa wanawe na wajukuu alikwenda kwa A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua studio mjini katika karne ya kumi na tisa, au, tangu 1930, kwa Ranchhod Oza wa Capital Art Studio, akasimama kimya mbele ya kamera, kisha akangojea nakala za karatasi ambazo, kwa kuwa kila moja ilikuwa na thamani yake, hazikutolewa sandukuni ila kwa wageni wa heshima. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa wengi walitawanyika, huyu Maskati, yule Dubai, mwingine Uingereza, na picha ya arusi ikawa yasafiri ndani ya bahasha.

Kisha ikazuka desturi mpya huko Marekani: GeoCities, iliyoasisiwa 1994, iliwapa raia wa kawaida nafasi ya tovuti bila ya malipo, gharama zikibebwa na matangazo ya biashara; mwenye haja alichagua mtaa wa kubuniwa, akapata anwani kama mpangaji, akapakia picha za ukoo wake, zikaonekana popote penye intaneti. Hisani hiyo, kama yastahili kuitwa hisani, ilikuwa na ukomo: Yahoo waliinunua 1999, wakaifunga Oktoba 2009, na lau si wahifadhi wa kujitolea waliokimbilia kunakili kurasa zile, nyuso nyingi zaidi zingalipotea. Flickr nayo, tovuti ya kuwekea picha iliyotoa nafasi ya terabaiti 1 bure mwaka 2013, baadaye iliwawekea wasiolipa mpaka wa picha 1,000.