Tochi za LED na Macho Yetu: Historia Fupi ya Hofu ya Mwanga Mkali

Katika mitaa ya Bujumbura, na katika vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, kuna neno linalorudiwa kila jioni: tochi za siku hizi zinaua macho. Mama humwambia mtoto asisomee tochi ya simu umeme unapokatika. Mzee akianza kuona ukungu, majirani humuuliza alikuwa akitumia tochi gani. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika insha hii nachunguza kama hili lisemwalo lipo kweli. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na historia, si daktari wa macho. Kwa hiyo njia yangu ni ya historia: kuuliza binadamu walijuaje kwamba mwanga unaweza kudhuru jicho, na ujuzi huo unatuambia nini kuhusu tochi za LED. Nitadai kwamba mwanga unaweza kweli kuharibu jicho, lakini kwa masharti maalumu, na kwamba hofu isiyojua masharti hayo ina gharama yake.

Ushahidi wa kwanza ulitoka kwa jua. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Plato aliandika katika Phaedo kwamba watu huharibu macho yao kwa kutazama jua linapopatwa. Mwaka 1691 Isaac Newton alimwandikia rafiki yake John Locke kuhusu jaribio alilolifanya ujanani: alilitazama jua katika kioo kwa jicho moja, kisha kila alipogeuza macho akaendelea kuliona duara la jua. Ilibidi ajifungie katika chumba chenye giza kwa siku tatu ndipo akaanza kupata nafuu.

Lakini historia hiyo hiyo inatuonya tusikimbilie kulaumu mwanga. Galileo Galilei alichunguza madoa ya jua mwaka 1612, naye akapofuka mwaka 1638. Wengi wameunganisha mambo haya mawili, wakasema jua lilimpofusha. Hata hivyo, kati ya tukio moja na lingine ilipita miaka zaidi ya 20, na Galileo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Wataalamu waliosoma maelezo ya ugonjwa wake wanautaja mtoto wa jicho au presha ya macho. Kwamba mtu alitazama mwanga, kisha akapofuka, si uthibitisho kwamba mwanga ndio uliompofusha.

Hatua kubwa ya kisayansi ilikuja mwaka 1876. Mjerumani Franz Boll, akifanya kazi Roma, aligundua kwamba retina ya chura, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ina rangi nyekundu inayopauka mwanga ukiingia na kurudi chura akikaa gizani. Ugunduzi huu unaeleza jambo ambalo kila mmoja wetu amelipata. Ukimulikwa usoni usiku, huoni kitu. Doa linaelea mbele yako, kisha taratibu uwezo wa kuona unarudi. Jicho halijafa. Rangi yake imepauka na inajitengeneza upya, kazi inayoweza kuchukua hata nusu saa kabla jicho halijazoea giza kikamilifu. Watu wengi wanaosema tochi imewaua macho wanasimulia jambo hili, ambalo ni la muda tu.

Je, kuna madhara yasiyorudi nyuma? Ndiyo. Mwaka 1966 Werner Noell na wenzake, huko Buffalo, Marekani, walionyesha kwamba panya waliowekwa chini ya mwanga wa kawaida kwa saa nyingi mfululizo walipoteza chembe hai za retina, ingawa mwanga huo haukuwa na joto la kuunguza. Miaka kumi baadaye, William Ham na wenzake walipima macho ya nyani kwa rangi mbalimbali za mwanga. Walikuta kwamba kadiri mwanga unavyokaribia rangi ya buluu, ndivyo kiasi kidogo zaidi kinavyotosha kudhuru. Kuanzia hapo wanasayansi walizungumza juu ya kipimo, kama tunavyozungumza juu ya dawa: mwanga una nguvu kiasi gani, ni wa rangi gani, uko umbali gani, na unatazamwa kwa muda gani.

Hapa ndipo tochi inapoingia. Tochi ya kwanza ya mkononi ilipata hataza Marekani mwaka 1899, kwa jina la David Misell. Betri zake zilikuwa dhaifu, ikawaka kwa kumweka tu. Kwa karibu karne nzima tochi zetu za balbu zilitoa mwanga hafifu wa manjano. Mabadiliko yalikuja Japani, ambako Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitengeneza LED angavu ya buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. LED nyingi nyeupe ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa njano. Buluu na njano zikichanganyika, jicho huona nyeupe. Kwa hiyo hofu ya watu wetu ina mzizi. Tochi hizi zina nguvu mara nyingi kuliko zile za zamani, na ndani yake imo ile rangi ambayo Ham aliitilia shaka.

Hata hivyo, masharti ya kipimo kwa kawaida hayatimii. Mtu akimulikwa, hufumba macho au kugeuza uso kabla hata ya sekunde moja kwisha. Akiwa mbali kidogo, mwanga umeshatawanyika. Mwaka 2018 kamati ya wanasayansi inayoishauri Tume ya Ulaya ilihitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa LED, zikitumiwa kwa kawaida, zinadhuru moja kwa moja afya ya watu wazima wasio na maradhi. Mwaka uliofuata, shirika la usalama wa afya la Ufaransa, ANSES, lilisisitiza tahadhari zaidi, hasa kwa watoto, kwa sababu lenzi ya jicho la mtoto hupitisha mwanga mwingi zaidi wa buluu kuliko ya mtu mzima. Sioni mgongano hapa. Kauli ya kwanza inahusu matumizi ya kawaida. Ya pili inawahusu wale ambao kwao kawaida inaweza kuvunjwa, kama mtoto anayeikodolea tochi machoni kwa mchezo.

Nilisema hofu ina gharama. Kwetu ziwani, wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa kuwavuta samaki kwa mwanga. Zamani waliwasha moto wa kuni mtumbwini, baadaye wakatumia karabai, na siku hizi wengi wana taa za LED. Mjomba wangu, mvuvi wa miaka mingi, alipoanza kuona ukungu alilaumu taa zake mpya. Akaziacha, akangoja macho yapone yenyewe. Alingoja karibu miaka miwili. Alipokubali kwenda kwa mganga wa macho, aliambiwa ana mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mfupi. Akafanyiwa, akaona. Ajabu ni kwamba miale ya jua isiyoonekana, ile ya urujuanimno, inajulikana kuchangia mtoto wa jicho, nayo humpiga mvuvi mchana kutwa ikiakisiwa na maji. Taa za LED nyeupe za kawaida karibu hazina miale hiyo. Mjomba aliogopa taa ya usiku, na kofia ya mchana hakuwa nayo.

Hatari halisi za tochi kwetu ni nyingine. Anayemmulika usoni dereva wa pikipiki au nahodha wa mtumbwi anampofusha kwa sekunde chache, na sekunde hizo zinatosha kuua. Vilevile vile vijiti vya leza vinavyouzwa sokoni kama vitu vya kuchezea si tochi: mwanga wake hautawanyiki, na vyenye nguvu vinaweza kuchoma retina mara moja.

Kwa kuhitimisha, historia inajibu swali letu hivi: tochi ya LED inaweza kudhuru jicho linaloikodolea kwa karibu na kwa muda mrefu, lakini haimpofushi anayeitumia kuangaza njia au kitabu. Mwanafunzi na asome kwa mwanga wa simu yake bila woga, ilimradi aelekeze mwanga kwenye ukurasa. Na anayeona ukungu usioondoka asiilaumu tochi. Aende hospitali mapema. Upofu mwingi katika nchi zetu unatokana na maradhi yenye kinga au tiba, na kila mwezi tunaoutumia kuilaumu taa ni mwezi ambao ugonjwa wenyewe unaendelea kukua.