Tone Kwenye Shingo ya Koki

Kuna tone la maji ambalo limenisumbua kwa zaidi ya miaka thelathini. Lilikuwa likidondoka kwenye koki kuu, chini ya tangi la chuo cha ualimu nilichokuwa nikikiongoza, mwaka 1989. Halikutoka kwenye mdomo wa bomba bali shingoni, pale ambapo shina la koki linaingia ndani ya mwili wake. Kwa ajili ya tone hilo nilifanya kosa, na kwa ajili ya kosa hilo nilianza kusoma habari za jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii kabisa. Je, binadamu alijifunzaje kuzuia maji, mvuke na gesi visitoroke mahali ambapo chuma kinapita katika tundu na bado kinatakiwa kusogea?

Tatizo lenyewe ni rahisi kulieleza. Chupa huzibwa kwa kizibo, nayo kazi imekwisha, kwa kuwa kizibo hakitakiwi kufanya jambo jingine ila kukaa. Vali, au koki kubwa kama ile yetu, haiko hivyo. Lango lake liko ndani ya maji, na mkono wa mtu uko nje. Kati yao lazima pawe na shina la chuma linalozunguka au kupanda na kushuka. Tundu la shina hilo likiwa pana, maji yatatoka. Likibana kabisa, shina halitasogea. Dawa iliyopatikana zamani ni kutengeneza kisanduku kidogo kuzunguka shina, kukijaza kitu laini, kisha kukikandamiza kitu hicho kutoka juu kwa kipande cha chuma na nati zake. Kile kitu laini mafundi wetu hukiita pakingi, na kile kikandamizi hukiita glandi. Kila pakingi inapokandamizwa kwenda chini hutanuka pembeni, nayo hulikumbatia shina.

Hapo ndipo ilipo siri yote, na ndipo ilipo taabu yote. Kumbatio likiwa legevu, maji yanapita. Likizidi, linakuwa kaba.

Mashine za kwanza za mvuke ziliweza kulikwepa jambo hili kwa sehemu. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alisimamisha injini yake karibu na Dudley, Uingereza, kwa ajili ya kuvuta maji kutoka machimboni. Silinda yake ilikuwa wazi juu, na pistoni ilizibwa kwa ngozi na kwa maji yaliyomwagwa juu yake. Fimbo ya pistoni haikupita katika tundu lolote lenye kuzibwa. Ilipita hewani tu.

Kisha akaja James Watt, fundi wa vyombo vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Katika majira ya baridi ya 1763 na 1764 alipewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze, akaona jinsi ulivyokuwa ukila mvuke bure kwa kuipasha na kuipoza silinda ile ile kila mara. Mwaka 1769 alipata hataza ya kuugeuza mvuke kuwa maji katika chombo cha pembeni, ili silinda yenyewe ibaki na joto. Lakini ili ibaki na joto ilimpasa aifunike juu. Na alipoifunika, fimbo ya pistoni ikalazimika kupita katika kifuniko. Basi ikabidi atumie kile kisanduku, ambacho kilikuwa kimekwisha kutumika katika pampu za maji, na kukijaza nyuzi za katani zilizopakwa shahamu ya mnyama. Nyuzi hizo hazikuwa za mkonge wetu, maana mkonge ulifika Tanga mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Lakini kazi ilikuwa ile ile ambayo mafundi wetu hadi leo huifanya kwa katani na grisi.

Tazama, msomaji, jinsi mambo yanavyofuatana. Wazo kubwa la Watt, ambalo watoto wote husomeshwa shuleni, lilitegemea mkufu wa mambo madogo ambayo hakuna anayesomeshwa. Bila nyuzi na shahamu shingoni mwa silinda, mvuke ungetoka na wazo lingebaki karatasini.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Joseph Bramah, seremala wa Yorkshire aliyepata umaarufu kwa makufuli yake, alipata hataza ya shinikizo la maji mwaka 1795. Mashine hiyo huzidisha nguvu. Maji yakisukumwa katika silinda ndogo huinua mzigo mkubwa katika silinda kubwa. Hesabu ilikuwa sahihi, ila mashine ilivuja kando ya nguzo yake. Pakingi ikikazwa vya kutosha kuzuia maji, nguzo ilikwama na kukataa kushuka. Ikilegezwa, maji yalitoka. Mtu anayetajwa kuwa aliitatua shida hiyo ni kijana aliyekuwa kibarua wake, Henry Maudslay, aliyeingia katika karakana ile akiwa na umri wa miaka kumi na minane. Aliweka ukosi wa ngozi uliokunjwa mfano wa kijaluba, mdomo wake ukielekea upande wa maji. Maji yalipopanda nguvu yaliingia katika mkunjo na kuzitanua kingo zake, moja dhidi ya nguzo na nyingine dhidi ya ukuta. Nguvu ya maji ilipoondoka, ngozi ililegea na nguzo ikashuka bila kukwama.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Kijana yule hakuongeza nguvu ya mkono. Aliyafanya maji yenyewe, yaliyokuwa yakitaka kutoroka, ndiyo yaufunge mlango. Yanaposukuma sana, mlango hufungwa sana, yanapotulia, hulegea. Inasimuliwa kwamba mwaka 1797 Maudslay, ambaye sasa alikuwa msimamizi, aliomba nyongeza ya mshahara wake wa shilingi thelathini kwa wiki, akanyimwa, akaondoka kwenda kufungua karakana yake. Huko akawa mmoja wa mafundi wakubwa wa karne iliyofuata. Bwana aliyezuia maji yasitoroke alimwacha fundi atoroke.

Mvuke ulivyozidi kuwa moto katika karne ya 19, katani na ngozi vilishindwa kwa kuwa viliungua. Wakatafuta nyuzi zisizoungua, wakazipata katika jiwe, nalo ni asbesto. Ilisokotwa kama kamba na kujazwa shingoni mwa vali za meli, za vituo vya umeme na za viwanda vya kila aina. Ilifanya kazi vizuri mno. Lakini vumbi lake liliingia katika mapafu ya walioifuma, walioikata na walioichokonoa ilipochakaa, likawaletea makovu ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Uingereza iliikomesha kabisa mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Hivyo basi, kwa miaka mingi mvuke ulizuiwa kwa gharama ya pumzi za watu. Ni vema tukumbuke kwamba kifaa kinaweza kufaulu mtihani wake na bado kikamfelisha binadamu.

Mbadala mmoja ulipatikana kwa bahati, na bahati hiyo ilianzia kwenye vali. Tarehe 6 Aprili 1938 mwanakemia Roy Plunkett, wa kampuni ya DuPont huko New Jersey, Marekani, alifungua vali ya mtungi wa gesi, na gesi haikutoka. Mtu mwingine angesema mtungi umevuja ukaisha. Yeye na msaidizi wake waliupima uzito, wakaona bado ni mzito. Walipoukata kwa msumeno wakakuta unga mweupe unaoteleza. Gesi ilikuwa imejigeuza kuwa plastiki. Ndiyo ile ambayo baadaye iliitwa Teflon, inayojulikana majumbani kwa sufuria zisizoganda chakula. Haishambuliwi na kemikali nyingi, na utelezi wake unaliruhusu shina kusogea kwa urahisi. Ila joto likipita nyuzi 260 za Selsiasi haifai tena.

Kwa joto zaidi ya hapo, jibu lilitoka katika kitu ambacho sisi walimu tumekishika maisha yetu yote, yaani grafiti, ile risasi nyeusi ya penseli. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walipata njia ya kuloweka vipande vya grafiti katika asidi, kuvipasha joto kwa ghafla mpaka vikafura mara nyingi kuliko ukubwa wake, kisha kuvigandamiza viwe karatasi laini bila gundi yoyote. Pete zinazotengenezwa kwa karatasi hiyo hustahimili joto la nyuzi mia nne na zaidi hata penye hewa, nazo zinateleza. Ndizo zilizochukua sehemu kubwa ya nafasi ya asbesto.

Pamoja na vitu vipya yakaja maarifa mapya ya kuviweka. Zamani fundi alidhani kwamba pete nyingi ni bora kuliko chache. Vipimo vikaonyesha kwamba pete zilizo karibu na glandi hubeba sehemu kubwa ya mkandamizo, na za chini hupata kidogo tu. Kwa hiyo pete kama tano zilizowekwa vizuri zinatosha. Kila pete hukandamizwa peke yake kabla ya kuweka nyingine, na maungio yake yasipangwe mstari mmoja. Nati hukazwa kidogo kidogo, huku na huku, kisha shina huzungushwa mara kadhaa, kisha hukazwa tena. Wengine huweka chini ya nati springi za visahani, za aina ambayo Mfaransa Julien Belleville aliipatia hataza mwaka 1867, ili pakingi inapopungua kwa kuchakaa springi ziendelee kuikandamiza zenyewe. Ni wazo la Maudslay limerudi kwa sura nyingine.

Masharti nayo yakawa makali. Baada ya Marekani kuirekebisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1990, kanuni za viwanda vya kemikali zilizotolewa mwaka 1994 zilifikia kuihesabu vali kuwa inavuja pale kipimo kinapoonyesha sehemu 500 tu katika milioni moja ya hewa iliyo karibu na shina. Jicho haliwezi kuona uvujaji huo.

Sasa nirudi kwenye tone langu, ambalo jicho liliweza kuliona vizuri sana. Tulikuwa tunatazamia wageni kutoka wizarani. Nilimwita fundi wetu wa maji, mtu mzima kuliko mimi, nikamwambia aikaze glandi mpaka pakauke. Aliitazama, akapapasa shina kwa kidole, akasema, “Mkuu, pakingi hii imekufa, imekuwa ngumu kama jiwe. Ukiikaza itanyamaza leo, kesho italikaba shina. Nipe siku moja nifunge maji, niitoe yote, niweke katani mpya na grisi.”

Siku moja bila maji, na wageni wanakuja! Nikamjibu, “Mzee, kaza.” Akakaza. Tone likakoma. Wageni walikuja, wakaona pakavu, wakaondoka.

Baada ya wiki chache bomba lilipasuka usiku karibu na mabweni. Fundi alikimbilia koki kuu aifunge. Shina halikuzunguka. Akachukua kipande cha bomba kuongeza urefu wa mkono, vijana wawili wakamsaidia, na shina likakatika, lango likiwa wazi. Tangi zima lilimwagika mbele ya macho yetu. Kwa siku nne wanachuo walichota maji mtoni kwa ndoo, na masomo yakasimama.

Nilitakiwa kuandika taarifa. Niliandika kwamba koki iliharibika kwa kutumiwa nguvu kupita kiasi, na kwamba fundi hakuwa mwangalifu. Kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli, na taarifa yote ilikuwa uongo. Alipewa onyo la maandishi, na mwaka ule hakupandishwa daraja. Hakunilalamikia. Aliendelea kuniamkia kila asubuhi mpaka alipostaafu, na alipofariki nilihudhuria mazishi yake nikiwa bado sijasema kitu.

Wahenga walituachia methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeifundisha mara nyingi darasani. Hawakutuachia methali ya mkuu asiyesikia la fundi, pengine kwa sababu guu linalovunjika hapo huwa la fundi.

Nikiwa mkuu wa chuo nilidhani utulivu ni ushahidi wa utaratibu mzuri. Mahali palipokuwa na manung’uniko nilikaza, manung’uniko yakakoma, nikajipongeza. Historia hii ya nyuzi, ngozi na grafiti imenifundisha kwa kuchelewa kwamba shingo kavu inaweza kuwa na afya, na inaweza kuwa imekabwa. Kwa nje zinafanana. Njia pekee ya kuzitofautisha ni kuligusa shina na kuona kama bado linasogea, au kumwuliza yule anayeligusa kila siku.

Kwa miaka yangu yote ya kazi niliwaambia walimu wanafunzi kwamba kosa lililoandikwa husahihishwa kwa maandishi, si kwa mdomo. Basi na iandikwe hapa: mwaka 1989 fundi alisema kweli, na mkuu wa chuo ndiye aliyeivunja koki.