Vyombo vya Tanga Vilivyofika Ghubani Mabegani mwa Watu

Maji ya Ghuba ya Speke yanayotazamwa kutoka Kalemela yalikuwa na mitumbwi ya Wasukuma, Wakerewe na Wakara tangu enzi za mababu. Lakini chombo chenye mkuku na tanga, kilichoundwa nchi ya mbali na kuletwa huku, ni jambo la karibuni zaidi, na habari yake yaanzia mwaka 1875. Twaiweka habari hiyo katika kitabu hiki cha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu si kwa kujipamba na mambo ya kale. Wanachama wetu wa kandokando ya ziwa wameomba chama kinunue mashua ya tanga iliyokwisha tumika, na ombi hilo litafikishwa mbele ya mkutano mkuu. Wengi wameuliza bei yake tu. Historia ya ghuba hii yaonyesha kwamba bei ya kununulia chombo ndiyo sehemu yake ndogo.

Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliagiza mashua huko Teddington, Uingereza, kwa fundi aitwaye James Messenger. Mashua hiyo, Lady Alice, ilikuwa ya mbao za mwerezi, urefu wake futi 40 na upana futi 6, nayo ilifanywa mapande matano yapate kufunguliwa na kufungwa tena. Ilipofika Unguja ikaonekana kwamba mapande hayo ni mazito mno kwa safari ya bara, ikabidi fundi wa huko ayapunguze na kuyagawa upya. Basi kabla haijaonja maji ya ziwa, mashua mpya kabisa ilikuwa imekwisha tengenezwa mara mbili na kulipiwa mara mbili.

Msafara ukatoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Mzigo wa kawaida wa pagazi siku zile ulikuwa yapata ratili 60 au 70, nao ulichukuliwa kichwani au begani na mtu mmoja. Pande la mashua halichukuliki hivyo. Lataka kufungwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa wanaokwenda hatua moja. Mmoja akijikwaa wote huyumba. Njia za bara zilikuwa nyembamba, za mtu kumfuata mtu, na palipokuwa na kichaka ilibidi mashoka yatangulie kuipanua. Wapagazi wa mashua waliteuliwa kwa nguvu za miili yao, nao walistahili kuteuliwa. Walipita Ugogo wakati wa mvua na njaa, wakapita Ituru ambako damu ilimwagika pande zote mbili, na wenzao wengi wakafa au wakatoroka njiani. Tarehe 27 Februari 1875 wakafika Kageye, pwani ya kusini ya ghuba hii hii, mahali ambapo leo pamo katika wilaya ya Magu.

Vitabu huiita mashua hiyo mashua ya Stanley. Sisi twaona kwamba waliokuwa na haki ya kwanza ya kuiita yao ni Wangwana wa Unguja na Wanyamwezi walioifikisha, maana bila mabega yao ingalibaki Bagamoyo ikikaukia juani. Tena hatuandiki haya kumsifu mwenye safari. Mwaka huo huo wa 1875, mwezi wa Agosti, aliwapiga risasi watu wa kisiwa cha Bumbire, wakafa wengi, na jambo hilo halifai kufichwa na mtu anayesimulia habari za mashua yake.

Pale Kageye mapande yakafungwa pamoja, mlingoti ukasimamishwa, tanga likawekwa, na chakula na bidhaa vikapakiwa. Walipoulizwa ni nani atakayekwenda kwa hiari, hakuna aliyejitokeza. Ikabidi mabaharia wachaguliwe. Miongoni mwao walikuwamo Safeni na Uledi, na mwenyeji mmoja aitwaye Saramba akawa kiongozi wa njia. Wakashua tarehe 8 Machi 1875, wakaelekea mashariki, wakiifuata pwani yetu, wakapita mdomo wa mto Simiyu, kisha wakazunguka ghuba na kwenda zao kaskazini hata Buganda. Tarehe 5 Mei walirudi Kageye wakiwa wamelizunguka ziwa. Kwa hiyo tanga la Lady Alice lilipita mbele ya nchi hii mwezi wa Machi 1875.

Habari inayotuhusu zaidi ni ile iliyofuata. Mashua moja haikutosha kuwavusha watu wote wa msafara kwenda Buganda, na mwenye vyombo vingi katika ghuba alikuwa Lukonge, mtawala wa Ukerewe. Kwake ikapatikana mitumbwi 23. Ilikuwa mitumbwi mikuukuu, mingine imeoza na kuvuja, nayo ilishughulikiwa Kageye kwa haraka kabla ya safari ya mwezi wa Juni. Usiku wa kwanza tu majini, mitano ikazama. Lady Alice ikarudi gizani kuwaokota watu waliokuwa wakielea na kupiga makelele, lakini bunduki na nafaka zikaenda chini. Hapo ndipo ulipoonekana upungufu wa matengenezo ya haraka: chombo kikuukuu kikiegeshwa mchangani chaweza kuonekana kizima, na mbao zake zilizoachana zisijulikane mpaka kiwe na mzigo na mawimbi yakipige ubavuni.

Sasa twafika kwenye jahazi la Songoro. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa na makao katika pande hizi, na Stanley alimkuta mwaka 1875 akiunda jahazi huko Ukerewe. Kuunda jahazi kisiwani kulitaka idhini ya mtawala, maana miti ilikuwa yake na watu wa kuikata na kuiburuta hata ufukoni walikuwa wake. Mwaka 1877 walipofika wamishonari wa Church Missionary Society, walihitaji chombo kikubwa cha kuchukua mizigo yao kwenda kwa Kabaka Mutesa. Songoro akawauzia jahazi hilo likiwa halijakamilika. Mmoja wao, T. O'Neill, akabaki Ukerewe kulimaliza, na mwenzake Luteni Shergold Smith, pamoja na C. T. Wilson, wakatangulia Buganda mwezi wa Juni kwa mashua nyingine.

Wanunuzi walidhani kwamba wamekwisha nunua kwa kumlipa muuzaji. Kumbe Lukonge alikuwa na madai yake kwa Songoro, na chombo chenye madai ya mtu mwingine hakiwi mali kamili ya mnunuzi hata akiwa na hati mkononi. Ugomvi wa Lukonge na Songoro ukapamba moto mwezi wa Desemba 1877, wakati Smith alipokuwa amekwisha rudi. Songoro akakimbilia kwa Wazungu, Lukonge akataka atolewe, nao wakakataa kumtoa mtu aliyewakimbilia. Wakashambuliwa. Smith na O'Neill wakauawa, na Songoro akauawa, na watu wengi wa kazi waliokuwa pamoja nao wakauawa. Na majina ya hao wa mwisho hayakuandikwa kwa uangalifu kama yalivyoandikwa ya wale wawili.

Wengine husimulia kisa hiki kana kwamba ni ukali wa mtu wa kisiwani tu. Hatuoni hivyo. Lukonge alikuwa mwenye nchi, naye aliona vyombo vikubwa vikiundwa kwa miti yake na kupita mikononi mwa wageni. Mwaka uliofuata Alexander Mackay alimwendea Ukerewe bila silaha, wakazungumza, na amani ikafanyika. Mazungumzo hayo yangefaa zaidi kama yangefanyika kabla ya jahazi kununuliwa.

Mashua nyingine tuliyoitaja iliitwa Daisy. Kwanza ilijaribiwa katika mito ya Wami na Kingani mwaka 1876, mito hiyo ikaonekana haifai kwa safari, ndipo ikachukuliwa na wapagazi kwa njia ya bara hata Kageye. Mackay alipofika Kageye mwezi wa Juni 1878 aliikuta ufukoni katika hali ya kusikitisha: jua limepasua mbao, mchwa wamekula, na kiboko ametia meno yake. Bwana huyu alikuwa mhandisi, akaitengeneza kwa mikono yake. Mwezi wa Agosti akaondoka nayo pamoja na Wilson, lakini dhoruba ikawapiga na mawimbi yakaivunja mashua kwenye pwani ya magharibi ya ziwa.

Waliyoyafanya hapo twapenda mafundi wetu wayajue. Hawakuwa na mbao nyingine. Basi wakaikata mashua katikati, wakaondoa kipande cha urefu wa futi 8, wakaisogeza omo hata ikakutana na tezi, na mbao za kile kipande cha kati wakazitumia kuziba viraka mbele na nyuma. Kazi hiyo ikachukua majuma manane. Daisy ikashuliwa tena ikiwa fupi kuliko ilivyozaliwa, nayo ikawafikisha Entebbe tarehe 1 Novemba 1878.

Baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, meli zikaletwa ziwani vipande vipande kwa garimoshi, na zama za kubeba mashua kwa mabega zikapita. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, pamba ya Usukuma ikapata njia nyingine ya kwenda baharini. Hata hivyo mashua za tanga hazikutoweka katika ghuba. Upepo wa nchi kavu huvuma usiku na alfajiri, na upepo wa ziwa huja mchana. Avuaye au achukuaye mzigo akizijua saa hizo hutoka kwa mmoja na kurudi kwa mwingine bila kununua tone la mafuta.

Mashua inayozungumzwa na wanachama wetu ipo upande wa Ukerewe. Njia za kuileta ni mbili. Ya kwanza ni kuivusha kwa tanga, ambayo ni nafuu sana ikiwa chombo kiko majini siku zote na kinafanya kazi. Ikiwa kimekaa nchi kavu majira ya kiangazi, mbao zimenywea na pamba ya kalafati imelegea, basi aivushaye kwa haraka anarudia habari ya ile mitumbwi 23. Njia ya pili ni lori: kupanda kivuko cha Rugezi na kushuka Kisorya, kisha barabara ya Bunda na Lamadi hata Kalemela. Lori nalo lina masharti yake. Mlingoti na foromali hushushwa na kufungwa mbali. Uzito wa mashua ukae juu ya mkuku, si juu ya mbavu. Mbavu zitegemezwe kwa magunia ya pumba au nyasi ili zisilale wala zisicheze. Magunia yaliyoloweshwa yafunike mbao, kwa maana jua la siku moja barabarani laweza kufungua viungo vilivyokuwa vimeshikana.

Ikifika, isishuliwe siku hiyo hiyo hata watu wakishangilia namna gani. Fundi agonge mataruma moja moja na kusikiliza. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Misumari yenye kutu ing'olewe. Pamba kuukuu itolewe yote katika viungo na mpya iliyotiwa mafuta ishindiliwe, jambo ambalo sisi wakulima wa pamba tungeona haya kulikosea. Kisha mashua iachwe maji ya kina kifupi, ijae na kunywa, mpaka mbao zivimbe na kubanana zenyewe. Kamba za jarari na demani zisinunuliwe kuukuu kwa hali yoyote, na tanga lishonwe jipya. Tena maji baridi ya ziwa hayana wale wadudu wa baharini watobowao mbao, lakini maji ya mvua yanayotuama ndani ya chombo huozesha upesi, kwa hiyo mashua ya ziwani itazamwe zaidi tumboni kuliko nje. Ukaguzi na leseni ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na pasipo hizo chombo hakibebi mtu wala mzigo wa chama.

Gharama hizo zote kamati imeziandika kando ya bei ya muuzaji, na jumla yake imeizidi bei hiyo. Kuna wajumbe walioshtuka. Sisi twaona heri kushtuka mezani.

Limebaki jambo moja ambalo kamati haijalimaliza. Muuzaji asema mashua ni yake peke yake, lakini fundi aliyeiunda na mtu aliyetoa mbao hawajaulizwa kama walilipwa. Wajumbe wawili wametumwa Ukerewe kuwauliza, nao watatoa taarifa yao kwa maandishi. Taarifa hiyo, pamoja na nakala ya hati ya mauzo na orodha ya gharama, vitawekwa katika ofisi ya Kalemela siku kumi na nne kabla ya mkutano mkuu, na mwanachama yeyote aweza kufika saa za kazi kuvisoma.