Kupe wa Nyati Anayeua Ng'ombe wa Maziwa

Kupe wa masikio, anayejulikana kisayansi kama Rhipicephalus appendiculatus, ni kupe wa rangi ya kahawia anayefyonza damu ya wanyama wakubwa wa porini, hususan nyati, pamoja na ng'ombe wa kufugwa. Jina hilo limetokana na tabia ya kupe wapevu kukusanyika masikioni mwa mnyama. Ingawa wengi humwita mdudu, kupe ana miguu minane na ni wa jamii moja na buibui.

Maisha yake hupitia wanyama watatu. Jike lililoshiba damu huanguka chini, hutaga maelfu ya mayai na kufa. Lava, tunutu na kupe mpevu, kila mmoja kwa zamu yake, hupanda mnyama mpya, hushiba na kushuka majanini. Katika Nyanda za Juu Kusini, zenye msimu mmoja wa mvua, kupe wapevu huwa wengi wakati wa masika. Tunutu huonekana zaidi kiangazi.

Nyati hubeba vimelea vya Theileria parva kwa muda mrefu bila kuugua. Vimelea hivyo havirithishwi kupitia mayai ya kupe. Lava au tunutu huvipata kwa mnyama aliyeambukizwa, kisha huvipeleka kwa mnyama mwingine akiwa katika hatua inayofuata ya ukuaji. Kwa ng'ombe huleta ndigana kali: tezi zilizo chini ya masikio huvimba, homa hupanda, pumzi huwa za shida na mapovu hutoka puani. Ng'ombe wa kisasa asiyetibiwa aghalabu hufa ndani ya wiki chache.

Mkoani Njombe, kwa kaya inayotegemea ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, kifo cha mmoja ni kupotea kwa ada ya shule na samadi ya shamba la viazi. Kumfungia bandani hakutoshi, kwa kuwa kupe huweza kuingia na majani yaliyokatwa nje. Makambako nayo ni njia panda ya barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya Njombe na Songea. Ng'ombe anayesafirishwa bila kuogeshwa huweza kufika na kupe wake. Mifugo inayosafirishwa hupaswa kuwa na kibali.

Kinga ya kwanza ni kuogesha kwa dawa iliyochanganywa kwa kipimo sahihi. Dawa iliyozimuliwa kupita kiasi huwajengea kupe usugu. Ipo pia chanjo ya ndigana kali, ambayo huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika na kutolewa mara moja, sambamba na sindano ya oksitetrasaiklini. Hata hivyo, chanjo hiyo huweza kushindwa mahali ambapo ng'ombe na nyati hushiriki malisho, kwa sababu vimelea vya nyati ni vya aina nyingi zaidi.

Dawa ya buparvakwoni hutibu vizuri iwapo itatolewa mapema. Mfugaji anayeona tezi zimevimba anapaswa kumwita afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe hajaanza kupumua kwa shida.